Kwa Feruzi Lishaingia

Kwa Feruzi wana dishi.
Kwa Mahfudh wanaivuta mechi kwa bando,
simu imeungwa kwa waya kwenye televisheni,
na mimi niko baina yao, Majengo,
karai langu kwenye mdomo wa kichochoro.
Sioni kiwanja wala mpira.
Fainali nzima naisikia mara mbili.

Kelele huanzia kwa Feruzi.
Nahesabu. Nikifika tisa
kelele ile ile yaamka kwa Mahfudh
kama mtu aliyechelewa kuitikia amina.

Mechi ni ya Ulaya, saa nne za usiku wetu.
Huko, wasema, jua halijatua sawasawa.
Jina la mji sikulishika.
Najua kuna wekundu na weupe,
najua mwanangu Twaha ni mwekundu
tangu ana miaka saba, na hakuna aliyemtuma.

Mimi kombe nilijualo ni la zafarani:
sahani nyeupe, aya, maji ya waridi,
huoshwa, hunywewa, homa ikashuka.
Mkeka nao naujua. Mama alisuka ukindu
hata vidole vikapinda visirudi.
Twaha husuka wake kwa kidole gumba:
mechi tano, nne zimeitika,
imesalia hii,
wekundu wabebe kombe.

Asubuhi nilimpa elfu moja ya mafuta.
Akarudi na chupa mbili za nusu lita.
"Mama, bei imepanda."
Nikasema, "Haya."
Ndiyo haya ninayokaangia.
Viazi havizami, vimekaa na migongo nje
kama watoto wanaoogopa maji.

Dakika tisini, patupu.
Nyongeza, moja kwa moja.
Saa sita u nusu, penalti.
Wateja wameniacha wote. Hata Mutua wa chaja,
asiyejua mpira una pembe ngapi,
kaenda kuchungulia tundu la bati.
Mahfudh amefungulia sauti hadi spika yakwaruza,
wasisikie ya jirani.

Tatu kwa tatu.
Nne kwa nne.
Wekundu wakakosa ya tano, nikasikia
"aaa" mbili, moja ya furaha, moja ya kaburini,
nisijue ipi ya nani.

Kisha kwa Feruzi pakapasuka.
Nikaitambua sauti ya Charo, mweupe wa damu,
akipiga bati na kifua kwa pamoja.
Nshajua.

Moja. Naopoa kiazi.
Mbili. Mgongo wa Twaha uko mlangoni pa Mahfudh,
jezi iliyobanduka namba, mikono kichwani.
Tatu. Kwake yeye mpigaji bado aupanga mpira.
Bado kipa yuwaruka-ruka.
Nne, tano. Mkeka wake mzima,
jerikeni langu limejaa, liko dukani, lanisubiri,
na uwongo wake wa asubuhi
bado waweza kugeuka zawadi.
Sita. Kiazi kimeniunguza, sikukiachia.
Saba.
Sikupata kumpa mwanangu kitu
nilichotamani kukirefusha kama hiki.
Nane.

Alitoka wa mwisho.
"Vimesalia vingapi?"
"Sita."
"Tia pilipili."
Akala akiutazama ukuta.
Kisha akalinyanyua jiko kabla halijapoa,
kwa leso yangu, akatangulia.
Nyuma yetu kwa Feruzi walikuwa wakiimba.

Kwenye kona akasema, "Mama, ile bei..."
Nikamwambia atazame mtaro.