Bado Vishikizo Tu

Walikuja saa moja asubuhi, sijatia hata uzi sindano,
wawili wa Manispaa, na chaki, na futi ya kukunja.
Nikasema moyoni: hawa mafundi wenzangu.
Wakaipima njia panda ya Mlandege
kama ipimwavyo nguo, mabega, kifua, kimo,
wakapiga mstari, wakarudi nyuma, wakatazama,
wakapiga tena.
Mita kumi kila upande, pasisimame gari.
Jioni rangi ya manjano ilishakauka
mbele ya kizingiti changu,
pindo jipya kwenye nguo kuukuu.

Mtaa ukachacha.
Haroub wa vipuri akasema, nani atashuka gari huko mbali
atembee juani kwa ajili ya plagi moja?
Bi Miza akauliza masufuria yake ayabebe kichwani?
Kwa sheha viatu vilipandana mlangoni.
Mimi nilikuwa na pini mdomoni,
na mwenye pini mdomoni hasemi.

Neno nilikuwa nalo, lakini.
Sisi mafundi tuna uongo wetu, tumerithishana:
"Bado vishikizo tu."
Kitambaa kiko dukani kwa Mhindi, bado vishikizo tu.
Ndivyo nilivyomwambia Bwana Rubea, wiki ya harusi ya mwanawe,
naye akaniamini,
akaiacha Noah yake pale pale konani, taa zikimeta,
akakaa barazani kwangu kungoja koti.
Akangoja dakika arubaini.
Koti lilikuwa bado mfukoni, halijaona mkasi.
Nilikuwa nashona gauni la mtu mwingine.

Thuwaiba alitoka chuoni, juzuu kifuani,
akachungulia, akaona Noah.
Mwenye Vespa naye aliona Noah.
Hawakuonana
mpaka walipokutana.

Sikusikia breki.
Nilisikia cherehani yangu ikinyamaza.

Alipona, alhamdulillahi. Plasta mpaka nyonga.
Mama yake akaniletea suruali niipanue mguu mmoja.
Sikuchukua pesa. Akaniombea dua,
na dua ile mpaka leo inanichoma
kama pini iliyosahauliwa kwenye kola.

Kwa hiyo karatasi ya kupinga ilipozunguka,
majina ishirini na mbili, na alama moja ya dole gumba,
niliikunja vizuri, nikampa Haroub,
kwangu haikupata wino.
Akaniuliza, fundi, na wewe huna wateja?
Ninao. Ndiyo tabu yenyewe.

Sasa dirishani naiona kona yote.
Miaka kumi na tisa sikujua
kwamba ng'ambo ya njia pana mlango wa buluu,
na paka hulala kizingitini,
na mtu akitaka kuvuka unamuona tangu hajaamua.

Jana, baada ya Alasiri, gari ikapanda juu ya manjano.
Kioo kikashuka. "Fundi! Dakika moja tu. Tayari?"
Kinywa kilishazoea, kikaanza chenyewe:
"Bado vi..."
Nikazitema pini kiganjani, moja moja.
Nikatoka, futi shingoni.
"Ondoa gari, bwana. Nguo yako hata sijaikata."

Akanitazama kama niliyemtukania mama.
Akatafuta funguo, na funguo ziko pale pale alipoziacha.
Nyuma yake watoto wa chuo wamefika ukingoni,
wamesimama, hawavuki,
mmoja ameegemea ukuta anaupumzisha mguu,
wanamngoja aondoke
ili waione barabara.