Pointi ya Hamsini na Nane

Naitwa Nambozo. Uwanjani wananiita Mama Meza.
Mchana naazimisha vitabu maktabani;
jioni, msimu ukifika, nakaa kati ya mabenchi mawili
na karatasi, saa, na kalamu mbili za bluu,
maana moja hufa kila mara robo ya tatu.
Miaka kumi na tisa sasa.

Mwaka huu vyuo vilikuwa vinane,
michezo kumi na minne kwa kila kimoja.
Lira walishinda kumi na miwili, wakaanza kutembea kama wenye nyumba.
Soroti kumi na mmoja.
Sisi Mbale tisa tu, na ile mitano tuliyofungwa
naikumbuka kuliko yote tisa:
Arua, basi lilipotufia Pakwach, tukafika usiku wa manane,
asubuhi tukafungwa kabla hatujanyoosha magoti.
Kabale, ambako vijana walipasha misuli na soksi mikononi.
Masindi, kwa mpira uliozunguka ringi mara tatu
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa,
kisha ukatoka.
Miwili iliyobaki niachieni mwenyewe.

Mchujo hausomi msimamo wa ligi.
Lira walirudi kwao nusu fainali:
Okiror wa Soroti aliwafunga thelathini na moja peke yake.
Nahodha wao alikaa kwenye basi, kamba za viatu bado zimekazwa,
kana kwamba kuna robo ya tano.

Basi fainali ikaja kwetu, chini ya Wanale.
Mvua ilipiga saa tisa, ikaacha saa kumi na moja,
wasichana wa hosteli wakakausha saruji kwa magunia
na, nadhani, mashuka ya chuo.
Taa zikawashwa, kumbikumbi wakaja
kama wageni wa harusi wasio na kadi.
Mara mbili refa Drajiru alisimamisha mchezo wafagiwe,
na watoto wakawazoa kwa vikombe:
kombe lao walilipata mapema.

Robo ya tatu. Arobaini na moja kwa arobaini na tatu.
Gidudu, mwanafunzi wa hesabu, yuko kwenye mstari wa mtupo huru.
Mpira ukaingia. Nikatia alama: arobaini na mbili.
Filimbi.
Kumbikumbi mmoja akanasa ndani ya miwani yangu.
Nilipomtoa, Soroti walikuwa wamekwisha kuvuka nusu ya uwanja.

Tulishinda hamsini na nane kwa hamsini na saba.
Kadodi ikapigwa, ingawa si mwaka wa jando.
Kocha Wepukhulu akabebwa, akapoteza kiatu.
Mkuu wa chuo akaahidi fahali.
Makocha wote wawili wakatia sahihi; Okiror akanipa mkono,
akasema, "Asante kwa kazi, Mama."

Usiku nikajumlisha mchezaji mmoja mmoja,
kila alama na filimbi yake, nikiufumbia macho mchezo kuurudisha.
Drajiru alikuwa amepunga mkono. Mguu ulikanyaga mstari.
Mtupo ulifutwa, mimi sikuufuta.
Nikahesabu kutoka juu: hamsini na saba.
Kutoka chini: hamsini na saba.
Mahali fulani kuna dakika tano za nyongeza
ambazo hakuna mtu aliyezicheza.

Asubuhi Gidudu alileta kitabu, siku nne kabla ya tarehe yake.
Medali ilikuwa ndani ya shati; niliona utepe.
"Mama, ule mtupo wa robo ya tatu..."
"Ulisikia filimbi?"
"Nilisikia."
Nje walikuwa wanamfunga fahali kwenye nguzo ya goli.
Gidudu hakuondoka. Sikumwambia akae.

Chini ya karatasi kuna nafasi ndogo: Maoni ya Mwandishi.
Miaka kumi na tisa nimeandika neno moja, Hakuna.
Naijaribu kalamu pembeni mwa gazeti. Imekufa.
Naichukua ya pili.