Y Ndefu

Bango jipya la kinyozi, Mwanjelwa: Tabasamu.
Limechapwa, ila herufi zinajifanya za brashi,
zimeinama kama mgomba uliopigwa upepo.
Ambakisye kasimama, mikono mfukoni,
rangi ya mafuta ingali kwenye kucha.

Anaikagua "a" ya kwanza:
mkia umekauka, nywele za brashi zimeachana.
Si mbaya.
Ya pili imekauka palepale.
Ya tatu,
palepale.

Mwaka ule Tukuyu, mvua haikatiki,
aliandika DUKA LA NYAMA, ngazi ikitetereka.
Y ikamponyoka, ikateleza hadi dirishani.
Mwenye duka alicheka, akalipa nusu.

Bucha lilishafungwa. Watu bado wanaelekezana:
shuka penye Y ndefu,
kata kushoto.