Jalada 0417

Kanuni ni hii: kila kazi iliyofika mezani petu,
jina la mthamini, nambari ya leseni yake,
aliyetutuma, malipo tuliyopokea,
barua, hata simu iliyopigwa saa sita mchana
na mtu asiyetaka iandikwe,
vyote vikae rafuni miaka mitano. Visipungue.

Mimi ndiye ninayevikalisha,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, Nakuru,
mahali vumbi la mtaa hupanda ngazi bila kubisha hodi.

Mkaguzi alikuja Jumanne, mvua ikinyesha,
Bwana Obonyo, miwani imefungwa kwa uzi.
Hakuomba chai. Aliomba 0417.
Nikalitoa: nyumba ya Bi Peninah Wairuri,
Mwariki, vyumba vitatu, bati jekundu,
mparachichi mmoja unaozaa
(Chelule, mthamini wetu, hakuacha hata mti).
Thamani: milioni mbili na laki nne.
Na pembeni, kwa wino wa kijani:
"Ziwa liko hatua mia mbili na arobaini. Linasogea."

Chini yake, mwandiko wangu:
"Benki imepiga simu. Wanaomba sentensi ya ziwa iondolewe.
Chelule amekataa. Saa sita na dakika kumi."

Bwana Obonyo alisoma mara mbili,
akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Nani alikufundisha kuandika simu?"
"Kanuni," nikamjibu.
Sikumtajia baba, aliyeuza ng'ombe kwa mdomo
akafa akidai.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
hilo tumekaririshwa tangu utotoni.
Lakini mali ya Peninah ilipotea na habari zake zote:
redio ilisema, majirani walisema,
maji yakaingia jikoni mwezi wa nane,
yakapanda kitandani,
heroe wakasimama uani
kama watu waliochelewa matanga.
Kilichobaki kikavu ni daftari.

Juzi miaka mitano imetimia.
Mashine ya kukatakata karatasi iko pale, kinywa wazi.
Nimelifungua jalada kwa mara ya mwisho, nikidhani:
picha ya mlango wa bluu,
kiatu cha mtoto kizingitini, kimoja,
kamba ya nguo, shuka moja limevimba kwa upepo.

Kanuni ilisema visipungue.
Haikusema visizidi.

Nimelipangusa kwa kiganja,
nimelirudisha rafuni,
kati ya 0416 na 0418.