Swali la Tisa

Bweni la Arvaikheer lina madirisha mapacha,
kioo juu ya kioo, na katikati pamba
iliyoshindiliwa kuuzuia upepo.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani, watoto sitini na wawili wa wafugaji
wamepanga viatu ukutani kama walivyofundishwa,
ncha zote zikielekea mlangoni.

Mimi nimekuja na dodoso.
Kurasa nne, penseli zilizochongwa,
barua ya ridhaa yenye saini ya baba
au dole gumba la bibi.
Katika majuma mawili yaliyopita
umejisikia mnyonge mara ngapi?
Kamwe. Siku chache. Karibu kila siku.
Weka alama kwenye kisanduku kimoja tu.

Namba 117 ana miaka saba.
Jina lake limefungiwa kabatini, Ulaanbaatar,
nami niliapa; basi hapa nitamwita Tuguldur,
jina lisilo lake.
Alichagua Kamwe mara nane,
alama zimenyooka wima kama nguzo za zizi.
Mtoto mzima, ingesema kompyuta.

Lakini Bi Norjmaa, mlezi wa bweni,
alikwisha kuninong'oneza jikoni
kwamba shuka la kitanda cha kumi na nne
hufuliwa kila alfajiri kabla wengine hawajaamka.
"Anayelia namsikia," alisema.
"Asiyelia ndiye ninayemhesabu mara mbili."

Swali la tisa: Ukiwa na huzuni, nani hukusaidia?
Penseli ikasimama.
"Huzuni ya nani?"
Ya mtu, nikasema. Yako.
"Mimi naijua ya kondoo."

Akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha mgeni:
kondoo akizaa kwenye dhoruba, pengine humkataa mwanawe,
humpiga teke, huenda zake.
Basi nyanya hupiga magoti thelujini,
humkumbatia shingo, humwimbia.
Si maneno. Ni sauti moja tu, ileile, ileile,
hata vidole vife ganzi.
Hamchapi. Hamwulizi kwa nini.
Mpaka kondoo atokwe na machozi, ya kweli, mimi nimeyaona,
ndipo maziwa hushuka.

"Mwaka huu sitakuwepo kumshika yule mdogo," akasema.
"Wanazaa wakati wa mitihani."

Nikatafuta kisanduku.
Mama. Mwalimu. Rafiki. Hakuna.
Profesa wangu, mtu mwema, mpenda safu zilizonyooka,
alitufunza kuwa jibu lisilo na kisanduku
huandikwa 99,
na 99 maana yake ni hakuna jibu.
Na jibu lilikuwa limekaa mbele yangu,
miguu haifiki sakafuni,
soksi moja ya kijani, nyingine ya dada yake.

Sikumwambia kwamba nami nililala bwenini
nikiwa na umri wake, katika mji mwingine,
mkono wa joho la mama kinywani,
niliutafuna hadi ukaisha harufu.
Mtafiti hamwagi yake mezani.
Nilimwambia: Asante. Nenda ukanywe chai.

Usiku niliingiza takwimu.
99. Nikafuta.
99.
Ukumbini Bi Norjmaa alikuwa akipita na tochi,
akihesabu vichwa, na kwenye kitanda cha kumi na nne
nyayo zake zilikawia.
Sauti moja ikasikika, ya chini, isiyo na maneno.
Nikaacha kuandika.

Ripoti ilitoka majira ya joto. Hali ya jumla: nzuri.
Chini ya jedwali la tatu niliweka tanbihi:
Mmoja alijibu, nasi hatukuwa na pa kuliweka jibu lake.

Wahariri waliifuta, kwa adabu.
Ndiyo maana nimekuja huku,
kwenye mistari isiyolazimika kufika ukingoni.