Kuizima

Mei imeingia Yakutsk na matope hadi magotini.
Nimevaa ovaroli ya kaka yangu Erchim,
mikono nimeikunja mara tatu,
nimelala chini ya gari, fundi wa kujipachika.

Gari lenyewe ni mkweche wa Kijapani, usukani kulia,
na mlangoni kuna kibandiko ambacho, mwaka wa tisa sasa,
hakuna aliyenisomea.
Huenda kinaonya. Huenda kinashukuru.

Kwanza nalivua nguo.
Blanketi la sufu lililofunika boneti tangu Oktoba
limelewa mafuta na moshi. Nikiliweka uani
linasimama lenyewe, kama mgeni asiyepewa kiti.
Kisha kadibodi iliyoziba uso wa rejeta:
lilikuwa boksi la friji.
Naam, tulinunua friji. Cheka, halafu nipe spana.

Kisha vioo. Huku kila dirisha huvishwa dirisha la pili,
gundi pembeni, hewa katikati,
pumzi zetu zisije zikaganda na kutupofusha njiani.
Nabandua kwa kisu cha mkate, taratibu,
na kati ya vioo viwili namkuta mbu mmoja
wa Septemba iliyopita, mzima wa umbo,
miguu imesambaa kama mwandiko wa daktari.
Keskil, mwanangu wa miaka sita, anataka tumzike.
Namwambia: ngoja wiki tatu,
ndugu zake watakuja msibani kwa maelfu
na sisi ndio tutakuwa pilau.
Kwa hiyo gari tunalishonea chandarua, puani.

Tairi za misumari zinatoka.
Zilitafuna barafu ya mto miezi mitano,
meno yamebaki machache.
Nati moja ya nyuma kushoto imegoma.
Jirani Prokopiy anashuka na bomba la chuma,
hasemi, analining'inia kwa uzito wake wote
mpaka nati inapiga ukelele.
"Hii ilifungwa na mtu mwenye hasira," anasema.
Niliifunga mimi,
siku Erchim alipohamia Mirny bila kuaga.

Chini ya kiti: glavu moja, viberiti, mishumaa sita
ya kutuweka hai tukikwama porini.
Haikuwashwa hata mmoja.
Hiyo ndiyo habari njema ya mwaka, na haikutangazwa popote.
Mahali pake naweka kamba, sepetu, ndoo;
kivuko kikifunguliwa tutavuka kwenda kwa shangazi,
na barabara ya ng'ambo ile humeza magari bila kutafuna.

Limebaki jambo moja.

Tangu Novemba injini hii haikunyamaza ila kwa hesabu.
Kuizima saa mbili ni kamari.
Kuizima usiku kucha ni mazishi.
Tumelala tukiisikia chini ya dirisha,
inakoroma kama mume,
inakunywa petroli, nusu ya mshahara wangu wa ualimu,
na mkoromo ukikatika kidogo tu
niko ngazini na koti juu ya nguo ya kulalia
kabla sijajua kilichoniamsha.

Nageuza ufunguo.

Kimya.
Kumbe kimya kina watu:
maji yanachuruzika paani, mbwa wa Prokopiy anajikuna,
na mbali, barafu ya Lena inapasuka
kama ubao uliokanyagwa na mtu mzito.
Dakika tano. Kumi.
Kidole kinaniwasha kuwasha.

"Limekufa?" anauliza Keskil.
"Limelala."
"Nani kalibembeleza?"
Sina jibu la hilo. Nafuta mikono kwa gazeti,
nafunga mlango, naenda kupika.

Usiku huo, kama ni usiku, mwanga ungali dirishani,
naamka mara mbili, miguu tayari sakafuni,
kwenda kuokoa kitu kisichotaka kuokolewa.
Mara ya pili nasogeza pazia.
Gari lipo, uchi, tairi laini, chandarua puani.
Kando yake blanketi
lingali limesimama.