Pumzi Kabla ya Beti ya Tatu

Hatukurekodi mchana. Mchana ulikuwa wa Kisia
na mashine yake ya kusaga, mahindi yakilia ng'ambo ya ukuta,
unga ukipenya hadi kwenye kibodi
hata noti ya "la" ikawa inakwama
kama mlango wa choo msimu wa mvua.
Kwa hiyo Mideva alikuja usiku, akishafunga duka la dawa za mifugo,
mikono ikinuka dawa ya kupe,
daftari kwapani,
na shilingi mia nane za awamu ya nne.

"Anza," nikamwambia. Akaanza.
Mvua ya Mbale nayo ikaanza, juu ya mabati,
bila kuuliza tunaimba kwa ufunguo upi.
Tukanywa chai ya rangi. Tukaanza tena saa sita.

Mimi si mtu wa kanisa. Nayasema haya mapema
asije mtu akanivika ushuhuda usio wangu.
Kazi yangu ni kusafisha:
kikohozi natoa, kiti kinacholia natoa,
mbwa wa jirani namtoa katikati ya Haleluya
na Haleluya inabaki nzima, haina hata kovu.
Nikaikuta pumzi kabla ya beti ya tatu,
ndefu, yenye mkwaruzo, kama ya mtu anayeinua gunia
peke yake.
Nikaikata.
Pakabaki kimya, safi kama sahani.

Alisikiliza kwa hedifoni zangu zilizofungwa plasta.
Akatabasamu kwenye kinanda. Akatikisa kichwa kwenye ngoma
(ngoma za ndani ya kompyuta, hazijawahi kuona ngozi ya ng'ombe).
Kisha akazivua.
"Umeiweka wapi?"
"Nini?"
"Ile niliyovuta."
Nikamweleza habari za usafi, za redio, za viwango.
Akanisikiliza anavyosikiliza wateja
wanaotaka dawa ya ng'ombe aliyekwisha kufa.
"Ile sikuvuta kwa ajili yangu," akasema. "Irudishe."

Nikairudisha. Sikuuliza.
Kisia ndiye aliyeniambia, akikung'uta unga kofiani:
babake, wodi ya wanaume, siku kumi na saba,
mtungi mmoja wa hewa kwa vitanda viwili,
na binti akihesabu zamu kwa saa ya simu.

Wimbo tuliutoa Ijumaa. Kuutoa ni neno kubwa:
bando la shilingi hamsini, mstari wa kijani ukitambaa
hadi asilimia tisini na saba, stima ikapotea
mtaa mzima, tukakaa gizani
tukiikodolea simu kama watu wanaomngoja mkunga.
Picha ya jalada: Mideva juu ya jiwe, gauni la kuazima,
lebo ya bei ikichungulia kolani.
Kulipokucha, waliosikiliza walikuwa kumi na mmoja.
Wanne kati yao, mimi.

Redio hazikupiga simu. Nilianza kazi nyingine,
tangazo la magodoro.
Kisia akawa anaupiga mluzi, vibaya, huku akipima debe.
Mteja mmoja akamsahihisha.

Mwezi wa nne nilikwenda Chavakali
kufunga spika katika kanisa la Marafiki, nilipwe, niondoke.
Nimeinama chini ya meza, waya mdomoni,
wakauanza bila kinanda,
watu kama mia mbili, sauti za chini zikitangulia kidogo
kama ng'ombe wanaojua njia ya mtoni.
Wakamaliza beti ya pili.
Wakanyamaza.
Na wote, hata mzee wa benchi la nyuma mwenye pumu,
wakavuta pumzi ile,
ndefu, yenye mkwaruzo,
pale pale,
wakidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Nikautema waya.
Nikavuta na mimi.